Aliyepimwa Katika Madogo: Somo la Kuchagua Mkuu wa Nchi



Katika Katekisimo Ndogo, Luther atufundisha kwamba tuombapo mkate wa kila siku twaomba pia watawala waaminifu na serikali njema. Basi tukiombacho kwa Mungu tusikichague ovyo kwa mikono yetu.

Someni Mwanzo 39 hata 41. Yusufu alitoka gerezani akapewa kuisimamia Misri. Lakini kabla ya hapo alikuwa amesimamia nyumba ya Potifa, kisha wafungwa wenzake. Alipokabidhiwa ghala za nchi nzima, kazi ya kuhesabu na kuweka akiba haikuwa ngeni kwake.

Kinyume cha hayo twakiona Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Tanganyika, ikitazamia kulima ekari nyingi sana huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliouongoza hawakuwa wajinga. Walikuwamo wakuu wa jeshi na wa biashara. Lakini kuamuru askari si kulima. Mkulima wetu apatapo mbegu mpya huijaribu kwanza katika pembe moja ya shamba. Wao walianza na makubwa, wala mvua na udongo havikupimwa vya kutosha. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na karanga za kujaza mabehewa hazikupatikana. Januari 1951 mpango uliachwa, pauni kama milioni 36 zimekwisha kutumika. Na reli ile ikang'olewa baadaye.

Katika wilaya jirani ya Ruangwa twaona njia nyingine. Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa huko, alikuwa kwanza mwalimu, kisha mkuu wa wilaya, kisha naibu waziri, ndipo akawa Waziri Mkuu tangu 2015 hata 2025. Hatusemi haya kwa ajili ya chama, wala hatumpimi mtu. Twaitazama ngazi tu. Kila kipandio huwapa watu nafasi ya kuiona kazi ya mtu kabla ya kumkabidhi iliyo kubwa zaidi.

Katiba ya 1977 yataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, mwenye miaka 40 na kupendekezwa na chama. Haimwulizi amewahi kusimamia nini. Swali hilo limeachwa kwetu sisi tupigao kura.

Walakini tujihadhari. Wakili wa Luka 16 aliijua sana kazi yake, akakosa uaminifu. Ujuzi pasipo uaminifu humfanya mwizi kuwa hodari zaidi.

Maswali ya kuzungumza:

1. Mtu huyu amesimamia nini, na alipoondoka watu na hesabu aliviacha katika hali gani?

2. Alipokosea, alikiri au aliwatwika wengine?

3. Katika ushirika wetu, mtunza hazina twamchagua kwa kazi yake au kwa ufasaha wake?

Tukijizoeza kuchagua vema penye sanduku dogo la sadaka, hatutapotea penye sanduku la kura. Bwana atupe macho ya kuona na moyo usionunuliwa. Amina.