Kabla ya Kununua Redio ya Boti, Fikiria Antena

Injini ikizima nje ya miamba wakati wa kusi, nahodha hukimbilia simu. Lakini mtandao wa simu hufifia kadiri chombo kinavyoiacha pwani, na simu humfikia mtu mmoja tu. Redio ya VHF ya baharini husikiwa na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyowashwa kwenye chaneli 16, ambayo ni ya mwito wa dharura duniani kote. Wavuvi na wenye boti wanaopanga kununua redio wanashauriwa kuzingatia mambo haya.

1. Ya mkononi au ya kufungwa?
Redio ya mkononi huwa na wati 5 au 6 na betri yake yenyewe, hivyo hufanya kazi hata betri ya boti ikilowa. Chagua inayoelea na yenye alama ya IPX7, yaani inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Redio ya kufungwa huwa na wati 25 na hutumia betri ya volti 12. Boti inayolala baharini ibebe zote mbili.

2. Kimo cha antena
Wanunuzi wengi huuliza wati kwanza. Hata hivyo, mawimbi ya VHF husafiri karibu moja kwa moja na hayafuati mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 1 juu ya maji hufika takriban kilomita 4. Ikiinuliwa hadi mita 4, hufika kilomita 8. Umbali wa vyombo viwili hujumlishwa: boti mbili zenye antena za mita 4 zaweza kusikizana kwa takriban kilomita 16, ilhali redio mbili za mkononi, watu wakiwa wameketi, ni kama kilomita 8 tu. Kwa hivyo, funga antena juu ya mlingoti au paa, isilazwe ubavuni.

3. Aina ya antena
Antena hupimwa kwa desibeli: 3, 6 au 9. Namba kubwa si bora kila mara. Antena ya 9 ni kama tochi yenye mwanga mwembamba. Boti ndogo ikiyumba, mwanga huo huelekea angani au majini. Boti ndogo itumie 3 au 6.

4. Waya
Waya mrefu na mwembamba hupoteza nguvu njiani. Tumia mfupi unaotosha, na uzibe viungo vyema visiingie chumvi. Usibonyeze kitufe cha kuzungumza kabla antena haijaunganishwa, kwani redio yaweza kuungua.

5. Leseni na kitufe chekundu
Redio ya chombo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Redio zenye DSC zina kitufe chekundu cha kutuma mwito wa dharura, lakini lazima kwanza ziingizwe namba ya chombo ya MMSI yenye tarakimu 9.

Ikiwa pesa ni kidogo, redio ya kawaida yenye antena iliyoinuliwa ni bora kuliko redio ghali yenye antena ya chini. Na kila safari, kabla ya kung'oa nanga, ijaribu na mwenzako kwenye chaneli nyingine, mkiiacha 16 wazi kwa aliye hatarini.