Kununua Kitalu Nyumba Kinachodumu

Kitalu nyumba ni miongoni mwa bidhaa za bei kubwa ambazo mlaji wa kawaida huzinunua bila kuwa na kipimo cha kuzitambua. Anunuaye ng'ombe humtazama meno na kiwele. Anunuaye shamba huzunguka mipaka yake. Lakini anunuaye kitalu nyumba mara nyingi huoneshwa picha, huahidiwa mavuno, kisha hulipa fedha za mkopo au za kiinua mgongo kwa ajili ya nailoni na mabomba ambayo hajayagusa. Ubora wa vitu hivyo hauonekani siku ya makabidhiano. Huonekana baada ya jua la msimu mmoja au miwili, wakati rejesho la mkopo bado linadaiwa.

Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kukagua kitalu nyumba kabla ya kulipa, na haki alizonazo mlaji pale bidhaa isipolingana na maelezo ya muuzaji.

1. Je, kitalu hicho kinafaa mahali pako?

Nailoni hunasa joto. Katika maeneo ya baridi kama Njombe, Lushoto na miinuko ya Arusha, jambo hilo ni faida. Katika ukanda wa pwani, Dar es Salaam, Tanga au Lindi, jambo hilohilo laweza kuwa hasara. Joto la mchana linapozidi nyuzi 35 za selsiasi, maua ya nyanya huanza kupukutika, na kitalu kilichofungwa pande zote hufika huko upesi. Kwa mlaji wa pwani, nyumba ya neti, au paa la nailoni lenye pande za neti na nafasi ya kutolea hewa moto juu, hufaa zaidi. Muuzaji anayempa mteja wa Tanga muundo uleule alioujenga Njombe hajamshauri, amemuuzia tu.

Jambo la pili ni udongo. Kitalu nyumba hakizuii mnyauko bakteria, kwa kuwa ugonjwa huo hukaa ardhini. Ikiwa nyanya, bilinganya au viazi mviringo viliwahi kunyauka ghafla mahali hapo vikiwa bado kijani, pima kwanza. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na mizizi, kisha ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona utando mweupe kama maziwa ukitiririka kutoka kwenye shina, bakteria wamo. Usijenge hapo kwa ajili ya mazao hayo.

2. Nailoni: unene na kinga

Hapa ndipo walaji wengi hupotea. Nailoni ya kitalu nyumba kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 200, yaani sehemu mbili za kumi za milimita, nayo huchanganywa kiwandani na dawa ya kuikinga dhidi ya miale ya urujuanimno, ambayo wauzaji huiandika kwa herufi UV. Nailoni yenye kinga ya kutosha huweza kudumu miaka mitatu hadi mitano. Isiyo na kinga hukauka, hupauka na kupasuka ndani ya miezi.

Unene peke yake si ushahidi. Nailoni nzito ya kutandika chini ya sakafu, iitwayo geji 1000, ina mikroni 250. Ni nene kuliko ya kitalu, lakini haikutengenezwa ikae juani. Kwa kuwa kinga ya UV haionekani kwa macho, usitosheke na neno la muuzaji. Tazama maandishi ya kiwanda kwenye roli au kwenye lebo yake: jina la mtengenezaji, unene, kinga ya UV na muda wa kudumu. Roli isiyo na maandishi yoyote ichukuliwe kuwa haina kinga.

Unene, kwa upande wake, unaweza kuuhakiki kwa mizani. Mita moja ya mraba ya nailoni yenye mikroni 100 ina uzito wa gramu 92 hivi. Yenye mikroni 200 ina gramu 184 hivi. Tuchukue mfano wa kipande cha mita 6 kwa mita 10, yaani mita za mraba 60. Kikiwa na mikroni 200, kitakuwa na uzito wa takriban kilo 11. Mizani ikionesha kilo 8.3, gawanya gramu 8,300 kwa 60, upate 138; kisha gawanya 138 kwa 0.92, upate mikroni 150. Basi umelipia robo ya nailoni ambayo hukupewa. Pima bila gogo la katikati ya roli, na upime pia urefu na upana kwa futi kamba.

3. Neti

Neti huzuia wadudu kwa udogo wa matundu yake. Neti iitwayo meshi 50 hupimwa kwa idadi ya matundu katika inchi moja. Weka rula juu yake na uhesabu upande wenye nyuzi zilizosongamana: katika sentimita moja yapatikane matundu 20 hivi. Neti hii huwazuia nzi weupe pamoja na nondo wa kantangaze, ambao ni wakubwa zaidi. Kumbuka kwamba kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo hewa inavyopita kwa shida. Neti ndogo huhitaji eneo kubwa zaidi la kupitishia hewa. Hakikisha pia kuna milango miwili inayofuatana, ili mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Neti bora yenye mlango mmoja ulio wazi haizuii chochote.

4. Fremu

Mbao na mirunda ni nafuu, lakini huliwa na mchwa na kuoza usawa wa ardhi. Ukichagua mbao, zitiwe dawa na zitenganishwe na udongo. Usiruhusu oili chafu iliyopakwa kwenye mbao igusane na nailoni, kwani huiharibu.

Ukichagua mabomba ya chuma, uliza unene wa ukuta wa bomba kwa milimita, na uandikwe kwenye mkataba. Kagua viungo. Bomba lenye mabati ya zinki likichomelewa, zinki huungua mahali hapo na kutu huanza. Viungo vya bolti na vibanio hudumu zaidi. Pitisha kiganja juu ya mabomba yote yatakayogusa nailoni: ncha kali au kovu la kuchomelea litaitoboa siku ya kwanza ya upepo. Mahali nailoni inapolalia chuma hupata joto kali na huchakaa mapema. Chuma hicho kipakwe rangi nyeupe au kifunikwe. Nguzo zifungwe kwa zege, zisichomekwe tu ardhini.

5. Kabla ya kulipa

Tunashauri yafanyike mambo haya:
- Tembelea kitalu ambacho muuzaji huyo alikijenga zaidi ya miaka miwili iliyopita, uzungumze na mwenyewe bila muuzaji kuwapo.
- Dai maelezo ya maandishi: unene wa nailoni, kinga ya UV, meshi ya neti, unene wa mabomba na muda wa dhamana.
- Uliza ni mambo gani huondoa dhamana. Kwa mfano, viuatilifu vyenye salfa au klorini hupunguza uwezo wa kinga ya UV.
- Mweleze muuzaji kwa maandishi eneo lako na zao utakalolima.
- Lipa kwa awamu. Sehemu ya mwisho ilipwe baada ya ukaguzi.
- Dai risiti ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa.

6. Haki zako

Kumweleza muuzaji matumizi yako si mazungumzo ya kupoteza muda. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia na kutegemea utaalamu wake, bidhaa hupaswa kufaa kwa matumizi hayo. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo hupaswa pia kulingana na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji.

Nailoni ikipasuka kabla ya wakati, usiitupe. Piga picha, tunza kipande chenye maandishi ya kiwanda, na umwandikie muuzaji ukitaja tarehe ya ununuzi. Asiporekebisha, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani ukiwa na mkataba, risiti na kipande hicho. Mlaji mwenye kumbukumbu husikilizwa kwa hoja. Asiye nayo hubaki na manung'uniko.

Jipime

Muuzaji anakuletea roli ya nailoni ya mita 4 kwa mita 25, na kusema ni ya mikroni 200. Mizani inaonesha kilo 13.8. Je, amesema kweli? Na hata kama angekuwa amesema kweli kuhusu unene, ni jambo gani jingine ungelidai akuoneshe kabla ya kutoa fedha zako?