S-Class au Celsior?

Swali: Nataka sedani kubwa ya kifahari iliyotumika, ya mizunguko ya Dar es Salaam na safari za Dodoma. Nimeona Mercedes-Benz S-Class ya 2006 na Toyota Celsior ya 2004, bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

Jibu: Chukua Celsior. S-Class ni tamu barabarani, sikatai, lakini inakalia shokapu za upepo, na kwa umri huo mpira wake huchanika ukavuja. Kuzibadilisha ni pesa nyingi. Celsior ndiyo Lexus LS 430 ya soko la Japani: V8 ya lita 4.3, injini ngumu kweli. Ila uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, maana ukikatika, valvu na pistoni hugongana na injini imekwisha. Baadhi ya Celsior nazo zina shokapu za upepo. Tafuta yenye springi za chuma. Ukikosa, nenda kaikague alfajiri, ikiwa imelala mahali tambarare bila kuwashwa. Kona iliyoshuka ndiyo inayovuja. Kilomita za kwenye dashibodi huchezewa, kwa hiyo dai karatasi ya mnada wa Japani, na usilipe hata shilingi kabla fundi wako mwenyewe hajaingia chini ya gari.