Je, mabaki ya estrojeni ndiyo yanayokuza uvimbe wa kizazi?

SWALI: Daktari, nina miaka 38 na watoto wawili. Mwaka jana nilipiga picha ya altrasaundi, nikaambiwa nina faibroidi moja ya sentimita 4. Mwezi uliopita walipita watu mtaani kwetu wakipima afya bure. Nilishikishwa kifimbo cha chuma, kompyuta ikatoa karatasi inayosema ini langu limejaa mabaki ya estrojeni, na kwamba hayo ndiyo yanayokuza uvimbe na kuleta matone ya damu ninayoyaona katikati ya mwezi tangu hivi karibuni. Wananiuzia chupa tatu za kusafisha kizazi kwa shilingi 180,000. Ninunue? Kwa sasa niko mwezi wa tatu wa dawa za TB, na vidonge vya majira nameza kama kawaida. – Mama wa wawili, Korogwe

JIBU: Usinunue, mwanangu. Na tafadhali soma mpaka mwisho, maana ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama ya kupita tu, ndiyo iliyonifanya niitangulize barua yako mbele ya nyingine zote.

Tuanze na hayo mabaki. Yapo kweli, na hapo ndipo wauzaji wanapopata pa kushikia. Estrojeni, homoni ya uzazi, hutengenezwa zaidi kwenye ovari, nyingine kidogo kwenye mafuta ya mwili. Inapopita kwenye ini, vimeng'enya huibandika chembe ya oksijeni. Wanakemia wameipa kila pembe ya molekuli hiyo namba, na kumbe namba ina maana kubwa. Oksijeni ikikaa kwenye namba 2, kinachopatikana ni dhaifu: hakishiki vizuri kwenye vipokezi vya seli, hakisukumi tishu kukua, na mwili hukitoa upesi. Ikikaa kwenye namba 16, kinachopatikana bado kina nguvu ya kuziamsha seli za matiti na za mfuko wa uzazi. Cha namba 4 huwa kidogo, ila maabara imeonyesha kinaweza kugeuka kitu cha kuumiza DNA ya seli.

Baada ya hapo ini hukifunga kila kimoja na sukari au salfa ili kiyeyuke kwenye maji, kitoke. Kingi hutoka na mkojo. Kingine hushuka na nyongo hadi utumbo, ambako bakteria hukifungua na sehemu yake kurudi tena kwenye damu. Hii si hitilafu, ndiyo njia yake ya kila siku. Mwaka 1929 Edward Doisy kule Marekani na Adolf Butenandt kule Ujerumani walipoitenga estroni, mojawapo ya aina za estrojeni, kwa mara ya kwanza, waliitoa kwenye mkojo wa wajawazito. Kila mwanamke mwenye afya njema anayo mabaki haya mwilini leo, nami ninayo. Kuyapima kunahitaji mkojo au damu na mashine ya maabara kubwa. Kifimbo cha chuma kiganjani hakiwezi kuyaona.

Wako watakaokwambia dawa yao “inageuza” mabaki kutoka namba 16 kwenda namba 2. Wazo hilo lilianza na watafiti wa kweli. Miaka ya 1980 walidhani uwiano wa hizo mbili ungetabiri saratani ya matiti, lakini tafiti za baadaye hazikukubaliana. Na kuna jambo ambalo mimi huwaeleza wanafunzi wangu kila mara: wanaovuta sigara huwa na namba 2 kwa wingi kuliko wasiovuta. Kwa karatasi ya muuzaji, mvutaji angeonekana yuko salama zaidi. Kabichi, chainizi na sukuma wiki nazo husogeza uwiano huo kidogo. Kula, ni chakula kizuri, ila usitarajie faibroidi inywee kwa sababu ya kabichi.

Faibroidi ni msuli wa mfuko wa uzazi uliojikunja ukaota. Hukuzwa na estrojeni ikisaidiana na homoni mwenzake, projesteroni, na tena yenyewe ina kimeng'enya cha kujitengenezea estrojeni humo humo ndani. Ndiyo maana mara nyingi husinyaa hedhi ikishakoma. Si uchafu unaoweza kutoka kwa kunywa kitu. Utafiti uliofanyika Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nazo wanapofikia umri wa miaka 50, na baadhi yao hawakuwa wakijua. Ya sentimita 4 isiyokutoa damu nyingi wala kukubana kibofu inaweza kuangaliwa tu kwa picha mara moja kwa mwaka. Mwaka juzi nilimpokea mama aliyekunywa dawa za kusafisha kizazi kwa miaka mitatu huku hedhi ikimmwagika. Kope zake za ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi, damu yake gramu 5. Tulimwongezea chupa tatu za damu kabla hajaweza kulala kwenye meza ya upasuaji. Sitaki yakukute.

Sasa hiyo sentensi yako.

Homoni za uzazi huendeshwa kwa kusomana. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, inasoma kiasi cha estrojeni kilichomo kwenye damu, kisha inaamua iziamuru ovari zikomaze yai au zisubiri. Mabaki mengi ni dhaifu mno kuweza kuidanganya. Kinachobadilisha mambo ni kasi ya ini. Ini likizorota, estrojeni hubaki nyingi: nimewaona wanaume wenye ini lililojaa makovu wakiota matiti na viganja kuwa vyekundu. Ini likiharakishwa, estrojeni hupungua. Na rifampisini, mojawapo ya dawa zako za TB, huliharakisha sana.

Vidonge vya majira hufanya kazi kwa kuiweka pituitari kwenye usingizi kwa kutumia estrojeni na projesteroni za kutengenezwa. Unavimeza kama kawaida, lakini ini lako sasa linavivunja kabla havijatosha. Matone ya katikati ya mwezi huenda ndiyo dalili yake, na maana yake ni kwamba unaweza kushika mimba huku ukijihesabu umejikinga.

Kwa hiyo tumia kondomu kuanzia leo. Kesho nenda kliniki yako ya TB na pakiti ya majira mkononi, uwaeleze, upimwe mimba na wingi wa damu. Waulizie sindano ya miezi mitatu, ambayo rifampisini haiiharibu. Kitanzi cha shaba pia hakiathiriwi, ila kwanza aliyeona picha yako aseme faibroidi haijaupotosha mfuko wa uzazi kwa ndani. Kinga hiyo iendelee hadi wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha TB. Kama matone hayataisha baada ya kubadilisha njia, rudi uchunguzwe mlango wa kizazi.

Dawa za TB usiache hata siku moja. Ni hizo hizo zinazolielemea ini, na ndiyo sababu nyingine ya kutozichanganya na chupa ambazo hakuna ajuaye kilichomo. Ukiona macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.