Waya wa Ardhi Katika Kasha la Mtambo

Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa huko Jinja mwaka 1954, viwanda vingi vya Uganda vimeendeshwa kwa nguvu za umeme, na wengi wetu tutakwenda kufanya kazi humo tumalizapo masomo. Karibu na kila mtambo utaona kasha la chuma lenye swichi, fyuzi na nyaya. Miongoni mwa nyaya hizo umo mmoja wa rangi ya kijani na manjano, nao hauzungushi kitu. Ukikatwa leo, mashine itakwenda vilevile kama jana. Ndiyo sababu watu huudharau, na ndiyo sababu inatupasa kujifunza habari zake.

1. Kazi yake

Wengi hudhani kwamba waya huu humwaga umeme udongoni, kama maji machafu yamwagwavyo shimoni. Lakini umeme hutafuta njia ya kurudi ulikotoka, yaani kwenye transfoma, na waya wa ardhi ni sehemu ya njia hiyo.

Tuchukue mfano wa kinu cha kusaga mahindi, kama vile vilivyo vingi Kisenyi hapa Kampala. Kinu hutikisika mchana kutwa. Tuseme mpira wa waya wa moto umelika, na shaba yake imegusa bati la kasha. Sasa kasha zima lina volti 240. Ikiwa waya wa ardhi ni mzima, na upinzani wa njia yote ya kwenda na kurudi ni omu 0.4, tutagawanya 240 kwa 0.4 na kupata ampea 600. Fyuzi ya ampea 32 itakatika mara moja.

Ikiwa waya wa ardhi umekatika, hakuna fyuzi itakayoungua. Kinu kitaendelea kusaga, na kasha litangoja mkono wa mtu. Mtu aliyesimama pekupeku penye maji, ambaye mwili wake una upinzani wa omu 1,500, atapitwa na miliampea 160. Miliampea 30 tu zikipita kifuani zaweza kuua.

2. Fimbo peke yake haitoshi

Fundi mwingine hupigilia fimbo ya shaba nje ya ukuta, akafunga kasha hapo, akasema kazi imekwisha. Tuhesabu tena. Upinzani wa njia ipitayo katika udongo ukiwa omu 20, umeme utakaopita ni ampea 12. Fyuzi yetu ya ampea 32 haitaona neno, na kasha litabaki na moto. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na upinzani huzidi. Kwa hiyo kasha lazima liungwe kwa waya wa shaba na ubao mkuu wa ardhi wa jengo. Na mahali ambapo njia ya kurudi ni udongo, yafaa iongezwe swichi ya pekee, ile inayojikata yenyewe mara ionapo umeme kidogo unapotea.

Tena, nyutro si waya wa ardhi. Nyutro hubeba umeme kila siku. Mtu akiifunga kwenye bati la kasha badala ya waya wa ardhi, siku nyutro itakapokatika upande wa nyuma kasha zima litakuwa moto.

3. Kanuni za kufunga

Tume ya kimataifa ya mambo ya umeme, iitwayo kwa ufupi IEC, ilianzishwa London mwaka 1906. Kanuni yake namba 60204-1 inahusu umeme wa mashine, na namba 61439 inahusu makasha ya swichi. Yaliyo makubwa ni haya:

(a) Waya wa moto ukiwa na unene usiozidi milimita mraba 16, waya wa ardhi wa shaba uwe sawa nao. Ukizidi 16 hata kufika 35, waya wa ardhi uwe 16. Ukizidi 35, uwe nusu yake.

(b) Kila waya wa ardhi uwe na skrubu yake mwenyewe. Nyaya mbili zikibanwa pamoja, ukifungua mmoja wa pili hulegea.

(c) Mlango wa kasha wenye swichi au taa uwe na waya wake laini wa ardhi. Bawaba hupata kutu, na mafuta na rangi huzuia umeme.

(d) Rangi ikwanguliwe mahali pa kufungia, mpaka chuma king'ae.

(e) Pasiwe na swichi wala fyuzi katika waya wa ardhi.

4. Kupima

Kutazama hakutoshi, wala taa ndogo ya betri haitoshi, kwa maana huwaka hata uzi mmoja tu wa shaba ukiwa umesalia. Lazima upinzani upimwe kwa kipimo chenye volti zisizozidi 24, kikipitisha umeme wa ampea 0.2 hadi kama 10, kutoka ubao wa ardhi mpaka mlango, mpaka mwili wa mota. Kwanza umeme ukatwe, na swichi kuu ifungwe kwa kufuli. Hapa Uganda kazi hii ni ya fundi mwenye kibali cha mamlaka ya umeme iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mwanafunzi asijaribu peke yake. Lakini ninyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza shule, mnaofanya kazi viwandani, mna haki ya kumwuliza msimamizi: waya huu ulipimwa lini?

Maswali

1. Kasha limefungwa kwa fimbo peke yake, na upinzani wa njia yote ni omu 30. Zitapita ampea ngapi? Je, fyuzi ya ampea 20 itakatika?

2. Waya wa moto ni milimita mraba 70. Waya wa ardhi wa shaba uwe na unene gani?

3. Kwa nini mashine inayokwenda vizuri si ushahidi kwamba waya wake wa ardhi ni mzima?