Injini ya Boti Si Injini ya Gari: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Vipuri na Oili

Maduka ya vipuri ya Buseresere na ya Katoro, mji pacha wake, huhudumia zaidi magari na pikipiki. Hata hivyo, miongoni mwa wateja wake wamo wamiliki wa mitumbwi wa mialo ya Ziwa Victoria, kama vile Nkome na Muganza, wanaohitaji oili, plagi na pampu. Kipuri kuingia vizuri mahali pake si uthibitisho kwamba kinafaa. Kosa ambalo barabarani humwacha dereva akimsubiri fundi chini ya mti, ziwani huwaacha watu wakisukumwa na upepo usiku.

Tofauti ya kwanza ni uzito wa kazi. Gari likiwa kwenye barabara tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini, na dereva akiachia mafuta huendelea kwenda. Boti haina mteremko. Maji huizuia muda wote, hivyo injini yake hufanya kazi kama ya lori linalopanda mlima usio na kilele. Injini iliyotolewa kwenye gari, au kwenye pampu ya machimboni, ikifungwa kwenye boti bila marekebisho huchakaa mapema, na unafuu wake wa bei huishia hapo.

Upoozaji nao ni tofauti. Maji ya gari ni yale yale, yanayozunguka na kupozwa na upepo kwenye rejeta. Injini inayopachikwa nyuma ya mtumbwi haina rejeta: huvuta maji ya ziwa kwa pampu yenye panga la mpira, huyapitisha ndani yake, kisha huyatoa. Ndiyo maana haifai kuwashwa nchi kavu, hata kwa majaribio ya dukani, kwa kuwa mpira huo huharibika kwa muda mfupi. Huku kwetu adui si chumvi kama ilivyo Dar es Salaam au Zanzibar, bali mchanga na gugu maji vinavyoziba matundu ya kuvutia maji. Anayenunua injini iliyotumika aombe iwashwe ikiwa imezamishwa kwenye pipa la maji, kisha atazame iwapo maji yanaruka kutoka kwenye tundu la ukaguzi. Yasipotoka, asilipe.

Oili ndiyo inayowakosesha wengi. Katika bodaboda nyingi oili hukaa chini ya injini na kumwagwa baada ya muda. Katika injini nyingi za mitumbwi huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Oili ya bodaboda ikitumiwa hivyo huacha masizi kwenye plagi na pistoni. Oili sahihi huandikwa TC-W3 kwenye chombo chake. Kipimo kifuate kitabu cha mtengenezaji; uwiano uliozoeleka ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Oili inayopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa haina maandishi yoyote ya kusoma, na hilo pekee latosha kuikataa.

Kwa boti yenye injini ya petroli iliyofungwa ndani, hatari kubwa ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Chini ya gari hutawanyika, bali katika tumbo la boti hutuama. Stata na alteneta za boti hutengenezwa ili cheche zisiufikie mvuke huo. Za gari hazina kinga hiyo, ijapokuwa kwa macho hufanana.

Mnunuzi amweleze muuzaji, kabla ya kulipa, kwamba kipuri ni cha boti. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyetaja matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Risiti iliyoandikwa “pampu” pekee haimsaidii sana akirudi kulalamika. Aombe iandikwe “pampu ya injini ya boti”, pamoja na nguvu ya injini na namba ya modeli, na aisome kabla ya kuondoka dukani.