Dondoo muhimu: Kutembelea majimoto ya Sempaya

Chemchemi hizi zimo msituni, katika Hifadhi ya Taifa ya Semuliki, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori.

- Usioge. Maji yanatokota, takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Usichovye hata kidole. Watoto washikwe mkono.
- Mfuate mwongozaji. Ardhi ya pembeni ni laini na inaweza kudidimia.
- Beba mayai mabichi. Wageni huyachemsha humo humo. Uliza kwanza ni dimbwi lipi linaloruhusiwa.
- Heshimu mila. Wenyeji huzitambua chemchemi mbili, ya kike na ya kiume, na hufanya matambiko hapo.
- Vaa vizuri. Viatu vya kufunika, mikono mirefu, koti la mvua na dawa ya mbu.